Sura ya Sita: Pale Sahihi Yako Inapohitajika

Soma kwanza: Nehemia 5:1–19; Luka 3:10–14; 1 Samweli 8:1–5 na 12:1–5.

Mwaka 2007 shehena ya vyakula vilivyoharibika, mchele ukiwamo, ilifika Goma, mashariki ya Kongo, ikitokea ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Ili iingie sokoni, wenye mali walihitaji kitu kimoja tu: sahihi ya ofisa wa shirika la serikali linalokagua ubora wa bidhaa. Ofisa mwenyewe alikuwa kijana wa miaka 26, Floribert Bwana Chui, mzaliwa wa Goma, aliyesomea sheria katika chuo kikuu cha mji huohuo. Kwenye kituo kile alikuwa bado mgeni.

Kilichofuata tunakijua sote, maana hutokea kila siku katika ofisi zetu. Aliahidiwa dola, akakataa. Dau likapandishwa, akakataa tena. Shinikizo likaja hata kutoka kwa wenye vyeo. Floribert alimpigia simu rafiki yake mmoja, mtawa ambaye ni daktari, akamwuliza vyakula vile vingewadhuru watu kiasi gani, akamweleza na habari ya fedha alizoahidiwa. Hoja yake ilikuwa fupi. Fedha zile zingekwisha upesi, lakini wale watakaokula, itakuwaje kwao? Na yeye mwenyewe, je, anaishi kwa ajili ya Kristo au haishi? Shehena haikupita.

Tarehe 7 Julai alitekwa. Tarehe 9 mwili wake ulipatikana, ukiwa na alama za mateso. Februari 2023 Papa Fransisko aliwasimulia vijana habari zake uwanjani Kinshasa, na tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki likamtangaza kuwa mwenye heri, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, jijini Roma.

Nimeanza na Floribert ingawa wengi wa wasomaji wangu si Wakatoliki, kwa sababu maisha yake yanafundisha jambo ambalo makanisa yetu yote yamelisahau. Kijana huyu hakuwa padre wala mchungaji. Hakuwa na jukwaa wala kipaza sauti. Alikuwa na meza na kalamu, basi, na hapo ndipo Mungu alipomhitaji. Ndugu yangu, kusudi la Mungu kwako liko pale sahihi yako inapohitajika, na uadilifu ndio namna pekee ya kulitimiza.

Kusudi halikai hewani

Siku hizi neno "kusudi" limejaa midomoni mwa wanaume wa Kikristo. Kuna semina za kusudi, mifungo ya kutafuta kusudi, na maombi ya usiku kucha ya kufungua mlango wa kusudi. Sina neno na kufunga wala kuomba. Linalonisumbua ni kijana anayemaliza siku ishirini na moja za kufunga akingoja kuambiwa kwamba atakuwa mtu mkubwa, na Jumatatu anafika kazini saa nne wakati watu wamepanga foleni tangu saa mbili asubuhi. Kusudi analolitafuta mlimani limekaa kwenye benchi nje ya ofisi yake, limeshika faili, linamsubiri.

Yohana Mbatizaji aliulizwa swali hilo hasa, kando ya Mto Yordani. Watoza ushuru walitaka kujua wafanye nini, na askari wakauliza vivyo hivyo. Hizi zilikuwa kazi chafu machoni pa Wayahudi wa wakati ule, na sisi tungetarajia awaamuru waziache, wamfuate jangwani. Hakufanya hivyo. Mtoza ushuru alimwagiza atoze kilichoamriwa, asiongeze. Askari aliwaagiza wasimdhulumu mtu, wasimsingizie mtu, watosheke na mshahara wao. Aliwarudisha kwenye meza zao na kwenye doria zao wakiwa watu wengine.

Hata kabla ya dhambi kuingia duniani, Mwanzo 2:15 inatuonyesha Adamu akiwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kwa hiyo kazi si adhabu, wala si njia tu ya kupata ada za watoto. Ni mahali pa kwanza Mungu alipomweka mwanamume ili amtumikie.

Chukua mfano wa mtunza stoo ya dawa katika kituo cha afya cha wilayani. Akipeleka katoni mbili za dawa kwenye duka la rafiki yake, kitabu kinaweza kurekebishwa, na mkaguzi asione kitu. Lakini saa nane usiku mama atafika na mtoto anayechemka homa, ataambiwa dawa hazipo, akanunue. Mhandisi anayesaini hati ya malipo ya darasa ambalo zege lake halikufikia kiwango anasaini juu ya vichwa vya watoto watakaokaa humo. Mtendaji wa kijiji anayeandika jina la mwenye fedha juu ya shamba la mjane anamfukuza mjane huyo kwa kalamu.

Floribert aliuliza kuhusu watakaokula. Mwulize swali hilo kila mtu anayetoa kibali cha chakula. Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka isiyokauka vizuri. Mengi ya mahindi yale yalikuwa ya wakulima wenyewe na hakuna aliyekusudia kuua. Kama nafaka mbovu inaua hivyo bila mtu kukusudia, nini kitampata mlaji pale ambapo mkaguzi anajua, kisha anagonga muhuri?

Aliwajua walaji

Watu wakisikia habari ya Floribert husema alikuwa na moyo wa chuma. Ukisoma maisha yake utaona kwamba moyo huo uliandaliwa taratibu, miaka mingi kabla ya shehena kufika. Tangu chuoni alikuwa mwanajumuiya wa Sant'Egidio, jumuiya ya Wakatoliki wa kawaida wanaoishi kwa sala na kwa urafiki na maskini. Kazi yake huko ilikuwa kuwahudumia maibobo, kama wanavyoitwa Goma watoto wanaolala mitaani. Aliwakalisha chini, aliwafundisha, alijua majina yao.

Basi mchele ulipofika mezani, hakuhitaji kuambiwa ni nani ananunua mchele wa bei ya chini sokoni Goma. Alikuwa ameshakula nao. Hii ndiyo sababu nasema mwanamume asiye na urafiki na maskini yeyote yuko hatarini zaidi anapokalia kiti cha maamuzi. Kwake mwananchi ni namba ya faili, na namba haina tumbo.

Na jambo la pili: hakubeba uzito ule peke yake. Alikuwa na mtu wa kumpigia simu. Wanaume wengi tunaanguka kimyakimya kwa sababu tumefundishwa kwamba mwanamume hasemi shida zake. Bahasha inapowekwa mezani, sauti pekee tunayoisikia ni ya aliyeileta.

Urefu wa kamba

Tuna methali inayotumiwa vibaya sana maofisini: mbuzi hula urefu wa kamba yake. Mtu akipata cheo, jamaa humkumbusha methali hiyo, na maana yao ni kwamba ale mapema, maana kesho kamba itafungwa kwa mwingine. Mwenzake ni ile isemayo mkono mtupu haulambwi. Methali hizi zimehalalisha wizi mwingi kuliko tunavyopenda kukiri.

Nehemia alikuwa na kamba ndefu. Mfalme Artashasta alimfanya liwali wa Yuda, na liwali alikuwa na haki ya kula chakula cha uliwali kwa jasho la wananchi. Waliomtangulia walichukua mkate na divai, na juu yake shekeli 40 za fedha, na watumishi wao nao wakajifanya mabwana. Hali ya watu ilikuwa mbaya: wengine walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka, na wengine watoto wao walikuwa wameingia utumwani kwa ajili ya deni. Kwa miaka 12 Nehemia hakugusa posho ile. Wala haikuwa rushwa. Ilikuwa halali yake. Aliiacha kwa sababu mbili anazozitaja mwenyewe, kumcha Mungu na mzigo mzito uliokuwa tayari juu ya watu. Na bado mezani pake walikula watu 150, Wayahudi na wakuu wao, mbali na wageni.

Hapa Nehemia anatupandisha ngazi. Wengi tunapima uadilifu kwa kuuliza kama sheria inaruhusu. Posho ya kikao kisicho na ajenda inaruhusiwa, safari ya siku tano kwa kazi ya siku moja ina saini zote, na gari la ofisi kwenda shambani limeandikiwa mafuta. Nehemia angeuliza jambo jingine: nani anaulipia mzigo huu?

Matunda yake yalionekana. Ukuta wa Yerusalemu aliousimamia ulikamilika kwa siku 52. Adui zake walipotaka kumchafua, Sanbalati alilazimika kutunga uvumi kwamba Nehemia anataka kujifanya mfalme, maana kwenye vitabu vya hesabu hapakuwa na la kushika. Mwenye mikono safi anaweza kusingiziwa, lakini anaingia kwenye vita akiwa hana kidonda cha zamani cha kufukuliwa.

Mlango wa nyuma ni deni

Katika kuzungumza na wanaume walioharibikiwa kazini, nimeona kwamba wachache walianza kwa tamaa ya jumba na gari. Wengi walianza kwa aibu. Kadi ya mchango wa harusi imefika, bei ya singo na dabo imeandikwa chini. Katika kundi la WhatsApp la kamati orodha inatumwa kila jioni: majina, ahadi, kilicholipwa, na mbele ya jina lako limekaa neno "bado". Wiki hiyohiyo shule inadai ada, na mama kijijini anaumwa mguu. Mwanamume anakwenda kuchukua mkopo wa kausha damu, riba inapanda kila wiki, na mezani pake inaletwa bahasha. Mtu huyu hajaingia vitani leo. Alishindwa siku aliyoahidi asichokuwa nacho.

Kwa hiyo ulinzi wa uadilifu unaanza na daftari la matumizi. Mwambie mke wako mshahara wako halisi, makato yako na madeni yako. Ziko nyumba nyingi za Kikristo ambamo mke anajua idadi ya viti vya kanisani kuliko kipato cha mumewe, kisha anamsukuma mume anunue asichoweza, na wala si kosa lake. Jifunze kusema kwenye kamati ya harusi, "Mwezi huu uwezo wangu ni elfu ishirini." Utaona aibu siku moja. Mwanamume anayeweza kuistahimili aibu ndogo ya umaskini wa haki ndiye atakayeweza kukataa utajiri wa dhuluma.

Kiti cha mke wa Potifa

Tukihubiri kuhusu Yusufu na mke wa Potifa, kila mwanamume kanisani hujiweka mahali pa Yusufu. Tusome tena Mwanzo 39 kwa makini. Aliyekuwa na mamlaka alikuwa yule mama. Yusufu alikuwa mtumwa, aliyenunuliwa, asiye na wa kumtetea. Tamaa ilikuja ikiwa imevaa cheo, na aliyekataa ndiye aliyetupwa gerezani.

Leo ni nani anayekalia kiti kile? Ni mhadhiri mwenye alama za mwanafunzi mkononi, meneja mwenye barua ya ajira, na, Mungu atusaidie, mtumishi wa madhabahu anayemwombea binti faraghani. Nchini Tanzania rushwa ya ngono ni kosa la jinai kwa kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Mwanamume wa Mungu hahitaji kungoja kifungu. Yeyote aliye chini ya mamlaka yako amewekwa chini ya ulinzi wako, na ukimgeuza kuwa chakula umeiba kitu ambacho huwezi kukirudisha.

Samweli na wanawe

Alipokuwa mzee Samweli alisimama mbele ya Israeli yote akawapa nafasi ambayo viongozi wachache wangethubutu kuitoa. Aliwataka waseme kama amechukua ng'ombe au punda wa mtu, kama amemdhulumu yeyote, kama amepokea rushwa ya kumpofusha macho. Yuko tayari kurudisha. Watu wote walishuhudia kwamba hakuchukua kitu.

Lakini sura nne nyuma tumesoma habari ya wanawe, Yoeli na Abiya, aliowaweka kuwa waamuzi Beer-sheba. Walifuata faida, wakapokea rushwa, wakapotosha hukumu. Wazee waliwataja wanawe hao walipodai mfalme.

Akina baba, sura hii inanitisha, na naomba iwatishe nanyi. Mtoto hurithi jina, hurithi shamba, lakini uadilifu hafundishwi na damu. Samweli alizunguka kila mwaka Betheli, Gilgali na Mispa kuwaamua watu. Biblia haituambii alivyoishi na wanawe, nami sitaongeza neno juu yake. Ninachojua ni kwamba watoto wetu wanatusoma. Mwana anamwona baba akimpa trafiki noti iliyokunjwa ndani ya leseni, na jioni anasikia baba huyohuyo akiongoza ibada ya nyumbani. Amejifunza masomo mawili siku hiyo, na la barabarani litamkaa zaidi. Mweleze mwanao kwa maneno kwa nini mmekaa nusu saa kando ya barabara mkisubiri kuandikiwa faini. Nusu saa ile ni shule.

Kwa ndugu aliyekwisha kupokea

Yuko msomaji aliyefika hapa akiwa na moyo mzito. Mikono yake si safi, na anadhani sura hii imemfungia mlango. La hasha. Zakayo alikuwa mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko, tajiri kwa kazi hiyohiyo. Siku Yesu alipoingia nyumbani kwake aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na aliyemdhulumu kumrudishia mara nne. Wokovu wake ulifika mpaka kwenye hesabu.

Wazee wetu wa uamsho walilielewa hilo. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Burundi, Bukoba na Kenya, ulijulikana kwa jambo ambalo leo tunaliona la ajabu: waliookoka walirudisha walichoiba. Walikwenda kwa waajiri, kwa majirani, hata kwa serikali, wakaungama na kulipa. Waliita maisha hayo kutembea nuruni. Sisi tumebaki na nyimbo zao, tukaliacha daftari lao la malipo.

Kama uliiba, tafuta mchungaji au mzee mwenye hekima, mkae mpange namna ya kurudisha. Huenda utalipa kidogokidogo kwa miaka. Huenda utapoteza kazi, na sheria inaweza kuchukua mkondo wake. Sitakudanganya kwamba ni rahisi. Nakuambia tu kwamba utalala usingizi.

Gharama

Siandiki sura hii kukuahidi kwamba ukiwa mwadilifu utapandishwa cheo. Huenda utaitwa mnoko. Huenda utahamishiwa kituo cha mbali na jina lako litafutwa kwenye orodha ya safari. Floribert alikuwa kijana, maisha yote yakiwa mbele yake, naye aliuawa. Injili ya mafanikio haina mahali pa kumweka mtu kama huyo, na hilo peke yake linaonyesha kasoro ya injili hiyo. Msalaba una mahali pake.

Hata hivyo usifanye ushujaa wa kijinga. Unapokataa, kataa kwa maandishi na utunze nakala. Usikutane faraghani na mwenye shauri mezani pako. Mwambie mkeo. Waambie ndugu wawili mnaosali pamoja. Ukishinikizwa, peleka taarifa mahali panapohusika: TAKUKURU kwa Tanzania, EACC kwa ndugu zetu wa Kenya. Na viongozi wa kanisa, msimwache mtu wenu peke yake. Muumini akisimamishwa kazi kwa kukataa rushwa, fungu la kanisa limlishe yeye na watoto wake mpaka apate pa kusimama. Acheni kumpa kiti cha mbele mtu ambaye kila mmoja anajua fedha zake zimetoka wapi. Tukiendelea kuwaheshimu wezi wakarimu, vijana wetu wataamini matendo yetu kuliko mahubiri yetu.

Wiki hii fanya mambo matatu. Kwanza, orodhesha kila mahali ambapo sahihi yako, muhuri wako au neno lako la mwisho linahitajika, na mbele ya kila pahali andika ni nani anayenufaika au kuumia. Pili, mweleze mke wako, au rafiki wa kweli kama hujaoa, deni moja ulilolificha. Tatu, chagua watu wawili utakaowapigia simu siku bahasha itakapowekwa mezani, uwaambie leo kwamba umewachagua. Fanya hivyo kabla bahasha haijafika, maana ikishafika, muda wa kujiandaa umekwisha.